Leseni Yako, Ndege Yao

Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wa urubani, marubani binafsi na wazazi

 

Swali nililopewa ni fupi. Mtu mwenye leseni ya urubani binafsi aliyoipata hapa nchini, je, anaweza kwenda ugenini, akakodi ndege ndogo na kuirusha? Na mgeni mwenye leseni ya kwao, anaweza kuja hapa akafanya hivyo hivyo? Nimewasikia watu wazima wakibishana juu ya jambo hili mpaka chai ikapoa: huyu anasema leseni ni ya kimataifa, inafaa popote, yule anasema ukishavuka mpaka hiyo ni karatasi tu. Kila mmoja ameshika nusu. Ili tupate jibu zima, tuanzie mahali ambapo wabishi wengi hawapaangalii, yaani ubavuni mwa ndege, pale palipoandikwa herufi.

Ndege iliyosajiliwa Tanzania huanza na 5H. Ya Kenya ni 5Y, ya Uganda 5X, ya Uingereza G, ya Marekani N. Huo ndio uraia wa ndege. Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini na nchi 52 tarehe 7 Desemba 1944 na kuanza kutumika mwaka 1947, unasema katika ibara ya 32 kwamba rubani wa ndege inayosafiri kimataifa lazima awe na leseni iliyotolewa, au iliyoidhinishwa, na nchi ilikosajiliwa ndege hiyo. Hausemi nchi alikozaliwa rubani, wala nchi iliyoko chini yake wakati anaruka. Unasema nchi ya ndege. Ibara ya 33 inaongeza kwamba nchi nyingine wanachama zitaitambua leseni hiyo, mradi masharti yaliyotumika kuitoa hayapungui viwango vya chini vilivyowekwa na Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa, ICAO.

Tumchukue mfanyabiashara wa Arusha, mwenye leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na sehemu ya umiliki katika Cessna 172 yenye herufi za 5H. Anataka kwenda Nairobi. Akiwasilisha mpango wa safari, akapata kibali cha kuingia, akapitia viwanja vyenye forodha na uhamiaji, anatua kiwanja cha Wilson bila mtu kuigusa leseni yake zaidi ya kuiangalia. Ndege ni ya Tanzania, leseni ni ya Tanzania, Kenya inaitambua. Kesho yake rafiki anamwambia: ndege yako ina pancha, chukua yangu, twende Amboseli. Ndege ya rafiki nayo ni Cessna 172, ya umri ule ule, dashibodi ile ile. Ila ubavuni imeandikwa 5Y. Mfanyabiashara wetu akiirusha bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, hana leseni. Ni mtu yule yule, anga lile lile, na stadi aliyokuwa nayo jana.

Sasa tuikoroge kidogo. Ndege zenye herufi ya N zimetapakaa duniani, nyingine hazijaiona Marekani tangu zivuke bahari. Nyingi zinamilikiwa kwa njia ya amana, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kusajili ndege kule kwa jina lake. Sheria ya Marekani inasema ndege ya N ikiwa inaruka ndani ya nchi ya kigeni, rubani anaweza kutumia leseni ya nchi hiyo. Kwa hiyo bwana yule wa Arusha anaruhusiwa na Wamarekani kuirusha ndege ya N kutoka Arusha hadi Mwanza, na kutoka Mwanza hadi Mtwara, kwa leseni yake ya TCAA. Akiielekeza pua yake Namanga, ile ruhusa inakatika pale penye mpaka. Anahitaji cheti cha Marekani ili avuke kwenda Kenya. Wanafunzi wangu hucheka nikiwaeleza hili. Lakini kampuni ya bima haicheki: mikataba mingi ya bima inataka rubani awe na leseni halali kwa ndege ile, katika safari ile, na ajali ikitokea hicho ndicho kipengele kinachosomwa kwanza.

Mkanganyiko huu si wa leo. Kanuni kwamba ndege ina uraia, na kwamba kila nchi ni bwana wa anga lake, ilishakuwepo katika Mkataba wa Paris wa 1919. Septemba 1936, Beryl Markham, aliyekulia Kenya na kupata leseni yake kule, aliruka peke yake kutoka Abingdon, Uingereza, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi na kuishia katika tope la kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Herufi za ndege yake zilikuwa VP-KCC, na hiyo VP-K ilikuwa alama ya Kenya ya wakoloni. Wavuvi waliomkuta akiwa na damu usoni walikuwa wanaangalia, kisheria, ndege ya Kenya.

Wazazi, kuna kipengele kimoja katika ibara ile ya 32 kinachowahusu ninyi mnaolipa ada. Kinasema kila nchi inaweza kukataa, kwa safari za juu ya ardhi yake yenyewe, kuitambua leseni ambayo raia wake ameipata kwa wageni. Kijana anapelekwa Afrika Kusini au Florida, anarudi na leseni na picha amevaa miwani myeusi, nyumba nzima inashangilia. Ni haki yake, amefanya kazi. Lakini akitaka kurusha ndege za 5H, leseni ile lazima ipitie TCAA, na sheria za anga za hapa lazima azijue na kuzifanyia mtihani. Bajeti ya masomo isiishie kwenye tiketi ya kurudi.

Na si kila leseni ya ughaibuni inafaa kupelekwa popote. Kiwango cha ICAO kwa leseni ya urubani binafsi ni umri wa miaka 17, saa 40 za kuruka au 35 kama mafunzo yamefanyika katika chuo kilichoidhinishwa kwa utaratibu huo, na cheti cha afya cha daraja la pili. Nchi kadhaa zimetunga leseni nyepesi chini ya kiwango hicho kwa ajili ya watu wao. Marekani wana leseni ya michezo, ambayo mtu anaweza kuitumia akiwa na leseni ya udereva wa gari badala ya cheti cha daktari wa anga. Ulaya wana leseni ya ndege nyepesi. Ni leseni nzuri kwa kazi yake, ila mwenye nayo akija Zanzibar akidhani ni sawa na leseni kamili, ataambiwa hapana, na aliyemwambia hapana yuko sahihi.

Mfano nitakaoueleza kwa kirefu ni wa Marekani, kwa sababu ndiko wengi wenu mtakakokwenda, na kwa sababu utaratibu wao ni mwepesi kuliko mnavyodhani, tena mgumu mahali msipodhani. Kanuni yao ya 61.75 inamruhusu mwenye leseni ya nchi yoyote mwanachama wa ICAO kupewa cheti cha urubani binafsi cha Marekani kwa msingi wa leseni yake, bila mtihani wa kuandika na bila mtihani wa kuruka. Unajaza ombi la uhakiki, na mamlaka yao, FAA, inataka ulipeleke angalau siku 90 kabla hujafika. Wao wanaiandikia TCAA: mtu huyu ni wenu? Leseni yake ni hai? Hajafungiwa? Jibu likirudi, unapata barua ya uhakiki inayodumu miezi 6. Kisha unakwenda mwenyewe, na pasipoti, leseni na cheti cha afya, kwenye ofisi ya FAA uliyoichagua. Ofisa anakuzungumzisha ili ajiridhishe kwamba Kiingereza chako kinatosha kwa redio, anakagua karatasi, na unatoka na cheti cha muda mkononi.

Kisomeni cheti hicho kwa makini. Kimeandikwa namba ya leseni ya Tanzania, na kimeandikwa kwamba ni halali pale tu kinapoandamana na leseni ile, na kwamba masharti yake yote yanafuata. Ukiisahau ile ya TCAA hotelini, huna leseni. Ile ya TCAA ikikwisha muda wake huku Dar, ya Marekani nayo imekufa huko Orlando hata kama kadi bado inang'aa. Mamlaka yako ikikupa leseni mpya yenye namba nyingine, namba iliyoandikwa Marekani haimhusu mtu yeyote tena, na inabidi uanze upya. Waingereza wengi yaliwapata hayo nchi yao ilipobadili mfumo wa namba. Tena cheti hicho ni cha urubani binafsi tu. Hata ukiwa rubani wa biashara nyumbani, kule hulipwi. Na ukitaka kuruka kwa vyombo ndani ya mawingu, kuna mtihani wake wa kuandika.

Hakuna mahali ambapo uzito wa sharti hili la leseni mama umeonekana kwa uchungu kama katika ajali ya tarehe 21 Januari 2019. Mchezaji wa Argentina, Emiliano Sala, alikuwa amenunuliwa na klabu ya Cardiff City kutoka Nantes. Alirudi Nantes kuwaaga wenzake, kisha usiku akapanda ndege ndogo ya injini moja, Piper Malibu, arudi Cardiff. Ilitoweka juu ya mkondo wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, karibu na Guernsey. Ulimwengu wa soka unaikumbuka kwa sababu ya Sala. Sisi wa urubani tuikumbuke kwa sababu ya karatasi.

Ndege ile ilikuwa na herufi za N, N264DB. Rubani alikuwa Mwingereza mwenye leseni ya urubani binafsi ya Uingereza, na cheti cha Marekani kilichotolewa kwa msingi wa leseni hiyo, yaani kile kile ninachowaeleza. Wachunguzi wa ajali wa Uingereza walichapisha ripoti yao Machi 2020. Walikuta kwamba leseni yake haikuwa na ruhusa ya kuruka usiku, na kwamba kibali chake cha ndege za injini moja kilikuwa kimekwisha Novemba 2018, miezi miwili kabla. Kwa hiyo cheti cha Marekani hakikuwa na kitu cha kusimamia. Isitoshe, safari ile ilikuwa ya malipo, na yeye wala ndege hawakuwa na ruhusa ya biashara. Ripoti inasema rubani alipoteza udhibiti wa ndege katika kona iliyopigwa kwa mkono, yaelekea akijaribu kubaki mahali anapoona, na kwamba yaelekea alikuwa ameathiriwa na hewa ya sumu ya moshi wa injini. Katika damu ya Sala sumu hiyo ilikuwa imefika asilimia 58. Aliyeipanga safari ile alihukumiwa kifungo cha miezi 18 mwaka 2021.

Mtu anaweza kuniambia: moshi hausomi leseni. Kweli. Karatasi kamili isingeziba ufa wa bomba la moshi. Lakini ruhusa ya usiku ina maana kwamba kuna mtu, wakati fulani, alikaa kiti cha pembeni gizani akakuona ukipotea na kujirudisha. Sharti lililoandikwa kwenye leseni ya nyumbani linamfuata rubani ugenini kwa sababu udhaifu wenyewe unamfuata.

Wazungu wa Ulaya nao wana kichekesho chao. Kwa miaka kadhaa leseni ya Uingereza iliweza kurusha ndege iliyosajiliwa katika nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya, kwa kuwa wote walikuwa na kanuni moja. Usiku wa kuamkia 1 Januari 2021 Uingereza ilikamilisha kutoka, na asubuhi yake rubani wa London aliyezoea kukodi ndege ya Kifaransa alikuwa mgeni kama sisi. Waliojua mapema walikuwa wameshahamisha leseni zao kwenda Ireland, Austria na kwingineko. Mwenye leseni ya nje ya Umoja huo, akitaka leseni yao kamili, anahitaji saa 100 za kuruka, mitihani ya sheria za anga na ya uwezo wa binadamu, na mtihani wa kuruka. Hapa kwetu Jumuiya ya Afrika Mashariki ina wakala wake wa usalama wa anga tangu 2007, CASSOA, wenye makao Entebbe, na kanuni za nchi zetu zimelinganishwa kwa kiasi kikubwa. Leseni, hata hivyo, hutolewa na kila mamlaka peke yake. Mimi naona leseni moja ya Jumuiya ni jambo la kusukumwa, na ninyi vijana ndio mtakaolisukuma.

Karatasi zinatosha. Tupande ndegeni, kwa sababu hapa ndipo ninapogombana na watunga sheria wa kila nchi.

Hebu mtazameni mgeni kutoka Uholanzi, ambako viwanja vingi viko usawa wa bahari. Amepata idhini yake Nairobi, kila mhuri uko mahali pake. Ni saa nane mchana, Wilson, jua kali, nyuzi 27. Kiwanja kile kiko juu ya usawa wa bahari kwa futi 5,500 hivi, na kwa joto hilo hewa ni nyepesi kama ya futi 8,200. Cessna yake ya nguvu za farasi 160 ina farasi kama 120 tu. Kwao amefundishwa kwamba kabla ya kuruka, kile kitufe chekundu cha mchanganyiko wa petroli na hewa kinasukumwa mpaka mwisho, petroli tele. Anakisukuma. Injini inakohoa, inatetemeka, na farasi wengine kadhaa wanapotea. Mwenyeji aliyekulia pale angeshakivuta nyuma, akisikiliza mlio mpaka injini itulie na mizunguko ipande, ndipo aachie breki. Mgeni anatumia barabara ndefu kuliko alivyowahi kutumia maishani, ananyanyuka, na mbele yake upande wa magharibi kuna vilima vya Ngong, futi 8,000 na ushee, vinavyopanda kwa kasi inayokaribia yake.

Tuseme amezunguka salama, anarudi kutua. Hapa kuna jambo linaloua kimya kimya. Kipima mwendo chake kinasoma noti 60, kama alivyozoea. Lakini katika hewa nyepesi ile, 60 ya kwenye saa ni kama 68 za kweli juu ya ardhi. Mabati ya nyumba, uzio, nyasi, vyote vinapita haraka kuliko kwao. Macho yanamwambia unakimbia mno. Akiyaamini macho, atainua pua kupunguza mwendo, na bawa, ambalo linajali ile 60 na si hizo 68, litaacha kubeba akiwa bado juu. Hakuna mtihani wa sheria za anga utakaomfundisha hilo. Mkufunzi mwenyeji humfundisha kwa maneno matatu: amini saa, shemeji.

Ya kwetu ugenini ni kinyume chake. Sisi wa karibu na ikweta hatuijui vizuri altimita, ile saa inayopima kimo kwa mgandamizo wa hewa. Mgandamizo wa hewa hapa Dar haubadiliki sana: leo 1012, kesho 1013, unapanda na kushuka kidogo asubuhi na alasiri kama maji ya bahari. Mwanafunzi anakizungusha kile kitufe kidogo cha kuirekebisha kwa sababu mwalimu anamwangalia. Mpeleke Wales mwezi Januari. Dhoruba ya Atlantiki ikiingia, mgandamizo unaweza kushuka hektopaskali 30 ndani ya siku moja au mbili, na kila hektopaskali ni karibu futi 30. Asiyezungusha kitufe anajiona yuko juu futi 900 kuliko alivyo, na milima ya kule mara nyingi imevaa mawingu.

Kuna mtego mwingine, wa Wamarekani na waliosomea kwao. Marekani hupima mgandamizo kwa inchi za zebaki, na kipimo cha kawaida ni 29.92. Sehemu kubwa ya dunia hutumia hektopaskali, na kipimo kile kile ni 1013. Mwongozaji wa Uingereza anamwambia rubani: 992. Sikio lililolelewa Florida linasikia sehemu ya namba linayoijua, mkono unaweka 29.92. Tofauti ni hektopaskali 21, na sasa ndege iko chini kwa takriban futi 600 kuliko altimita inavyodai. Hakuna kengele inayolia.

Dira nayo. Kila mwanafunzi hukariri kwamba dira ya sumaku hudanganya wakati wa kugeuka kuelekea kaskazini au kusini, huku ikichelewa na huku ikitangulia. Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa kaskazini, na mazoea yao ni ya kaskazini. Mstari ambapo sumaku ya dunia inalala sambamba na ardhi haupiti kwenye ikweta yetu ya ramani. Kwa upande huu wa Afrika unapita juu, Ethiopia. Maana yake Kenya yote na Tanzania yote ziko kusini mwa ikweta ya sumaku. Dira ya hapa hukosea kinyume na ya Texas. Kijana aliyesomea Texas akaja Tanga, siku vyombo vya umeme vikizimika, atarekebisha kosa kwa kuliongeza.

Redio ningeweza kuizungumzia usiku kucha. ICAO inataka rubani wa kimataifa afikie angalau daraja la 4 kati ya 6 la ufasaha, kwa Kiingereza au kwa lugha ya kituo cha ardhini. Wenzetu husahau hilo la mwisho. Ufaransa kuna viwanja vidogo vingi ambavyo redio yake ni Kifaransa tu, na ramani zao zinasema hivyo. Mkongo wa Lubumbashi atajisikia nyumbani, Mtanzania atanyamaza. Marekani tatizo ni kasi ya maongezi, tena mara nyingi bila mnara. Viwanja vyao vya umma ni kama 5,000, na vyenye mnara ni kama 500 tu. Kwingine kote marubani hutangaziana wenyewe, kila mtu akisema alipo. Kwenye miji mikubwa, hata ukiitwa kwa jina na mwongozaji na ukajibiwa vizuri, huingii anga la daraja B mpaka usikie kwa maneno kwamba umeruhusiwa kuingia. Kuzunguka Washington, ndani ya maili 30 za anga, kuna eneo maalumu, na anayeruka kwa kuona ndani ya maili 60 anatakiwa awe amefanya kozi yake kwenye intaneti. Rais akisafiri, anga linafungwa kumzunguka popote aendapo.

Na wageni wanaokuja kwetu wana mambo madogo ya kuwaambia. Jua letu halichelewi. Mtu wa Norway amezoea jioni ya kiangazi inayodumu masaa. Hapa jua likizama, ndani ya nusu saa ni giza, na viwanja vya porini havina taa. Petroli ya ndege za pistoni haipatikani kila mahali, mafuta ya jeti ndiyo yamejaa. Kabla ya kutua kwenye kiwanja cha hifadhi, pita chini mara moja uwafukuze pundamilia. Na saa: mpango wa safari huandikwa kwa saa ya dunia, saa ya mkononi iko mbele kwa tatu, na mlinzi wa kiwanja anakuambia kwa Kiswahili kwamba tunafunga saa kumi na mbili. Nimemwona mgeni akipanga kufika saa sita usiku.

Sasa nirudi kwenye ugomvi wangu. Kabla ya kutumia kile cheti cha 61.75, Marekani inamtaka mgeni afanye mapitio na mkufunzi: angalau saa moja ya mazungumzo ardhini na saa moja ya kuruka. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya utaratibu mzima inayogusa mambo niliyoyataja tangu tupande ndegeni, nayo ni saa mbili, baada ya miezi mitatu ya barua. Nchi nyingine uwiano wake ni mbaya zaidi. Kama ningeulizwa, ningefupisha barua na kurefusha saa. Kwa kuwa siulizwi, nawashauri mzinunue wenyewe. Ukifika klabu ya kigeni, usimwambie mkufunzi "nipitishe haraka, nina safari". Mwambie akupeleke kiwanja kibaya kuliko vyote anavyovijua, wakati wa upepo, na akuache uongee na mnara bila kukusaidia. Mlipe siku ya pili. Mtaani kwao kuna mlima mmoja, au bonde moja, au kona moja ya mnara ambayo kila mwenyeji anaijua na haipo kwenye ramani. Mwombe akuonyeshe hiyo.

Kabla ya maswali, jambo la kalenda, kwa wale watatu walioniambia wanakwenda Florida Desemba. Ombi la uhakiki liondoke mwezi Agosti, msingoje Septemba, kwa sababu zile siku 90 ni za upande wa FAA na barua kutoka huku nayo ina mwendo wake. Kabla ya kuliandika, angalieni cheti cha afya kinaisha lini. Kikiisha Novemba, kifanyeni upya kwanza. Angalieni jina kwenye leseni na jina kwenye pasipoti yanafanana herufi kwa herufi, hasa akina Mohamed na akina Muhammad. Chagueni ofisi ya FAA iliyo karibu na klabu mtakayorukia, mpige simu mapema mpate miadi, maana hawapokei watu wa kubisha hodi. Kibali cha usiku kama hamna, kitafuteni hapa kabla ya kuondoka, kwa sababu Desemba hata Florida jua huzama mapema. Na daftari la saa za kuruka libebeni mkononi, msiliweke kwenye begi la mizigo.

Haya, karibuni. Tuanze na yule binti wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja Namanga.